Fomu ya kumwita Bibi

Binti yangu anaitwa Mwanahawa, na mama yake mzazi hajawahi kumwita hivyo hata siku moja. Jina analipenda. Ila Mwanahawa ni jina la mama yangu, na mke wangu kakulia Pangani, kwa watu ambao kumtaja mkwe kwa jina lake ni kukosa adabu, basi. Mtoto alipozaliwa mke wangu akamtazama, akasema, "Huyu Bibi," na Bibi akawa Bibi. Mama mwenyewe, akipiga simu kutoka Muheza, humwita "somo yangu", maana kwetu ndivyo wanavyoitana watu wa jina moja. Kwa hiyo mtoto ana majina matatu tangu akiwa mchanga, na hajawahi kuchanganyikiwa aitikie lipi wapi.

Tunaishi Orlando, Florida. Hapa kila Agosti, kabla masomo hayajaanza, kuna jioni ambayo wazazi hupeleka watoto wakamwone mwalimu mpya na kiti watakachokalia. Mwaka 2023 Bibi alikuwa anaingia darasa la pili. Kisanduku chake cha penseli alikuwa amekiandika mwenyewe kwa wino mzito, Bibi, na juu ya kila i akachora ua badala ya nukta.

Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mchangamfu. Mlangoni kwake palibandikwa tufaha la karatasi limeandikwa Ms. K, kwa sababu jina lake la ukoo ni la Kipolandi na herufi zake zimebanana kama abiria wa daladala la jioni. Akashika orodha, akafika kwetu, akavuta pumzi. "Mu… Muwa… na…" Nikamwokoa. Nikamwambia sisi twamwita Bibi, na mwalimu wa darasa la kwanza alimwita hivyo mwaka mzima. Akacheka: Bibi, kama Netanyahu, yule mwanasiasa wa Israel wanayemwita Bibi? Nikamweleza kwamba kwetu bibi ni mama wa baba au mama wa mama, na mtoto akiitwa hivyo ni kwa heshima ya mwenye jina. Akasema ni jambo zuri kweli. Kisha akashusha sauti, kama mtu anayekuja kukopa, akasema mwaka huu hawezi kulitumia jina hilo mpaka mzazi ajaze fomu.

Fomu ya nini? Ya kuruhusu mtoto aitwe jina lisilo la kisheria.

"Na mpaka hapo utamwitaje?"

Akajaribu tena Mwanahawa. Likatoka kama jina la kisiwa fulani cha Pasifiki. Akakata tamaa, akainama hadi usawa wa mtoto, akamwambia karibu, asali. Wamarekani humwita hivyo kila mtoto, asali, sukari, rafiki, na kwa hayo hakuna anayedai saini.

Nikajua baadaye ilikotoka ile karatasi. Julai 2023 Bodi ya Elimu ya Jimbo la Florida ilipitisha kanuni kwamba mwanafunzi akitaka kuitwa jina lolote tofauti na lile la kisheria, mzazi lazima atoe idhini kwa maandishi, la sivyo mfanyakazi wa shule asilitumie. Mfano uliozunguka sana siku zile ni wa mtoto anayeitwa Robert na anapenda kuitwa Rob: naye apeleke fomu. Kila mtu alijua kanuni haikutungwa kwa sababu ya akina Rob. Ilikuja nyuma ya sheria za jimbo za 2022 na 2023 kuhusu jinsia na mambo yanayoruhusiwa kuzungumzwa darasani, na waliolengwa ni watoto walioandikishwa kwa jina la kike wakataka la kiume, au kinyume chake. Lakini ufagio ulikuwa mpana. Ukamzoa Rob, ukamzoa na Bibi wangu.

Sitajifanya shujaa. Nilisaini palepale, nimeegemea meza ndogo ya watoto, magoti yamenifika kifuani, na sikuwa na kinyongo. Mzazi kujua mwanawe anaitwaje shuleni, nilijiambia, kuna ubaya gani? Mimi ni mtu wa Muheza, mtoto wa madrasa. Hayo mengine ya jinsia yana wenyewe.

Mke wangu ndiye aliyeharibu utulivu wangu. Tuko kwenye gari, Bibi kalala nyuma, akauliza kama anayeuliza bei ya nyanya: "Baba Rajabu, na huyo gavana wao, jina lake la kisheria nani?"

Nikamjibu, Ron DeSantis.

"Ron ni jina?"

Tukatazama kwenye simu. Ronald Dion DeSantis. Mkewe, tunayemjua kama Casey, jina lake la kwanza ni Jill. Mke wangu akikamata uzi haachii. Aliyemtangulia DeSantis ni Rick Scott, ambaye ni Richard. Kabla yake Charlie Crist, ambaye ni Charles. Kabla yake Jeb Bush, na Jeb hata si jina, ni herufi za kwanza za John Ellis Bush zilizounganishwa. Yaani tangu Januari 1999 jimbo hili halijapata gavana anayeitwa kama cheti chake kinavyosema. Nami nikakumbuka karatasi ya kura ya 2022, niliyoishika kwa mikono yangu: Ron DeSantis, kwa wino wa serikali. Mtu mzima akiomba kura anaandikwa anavyopenda kuitwa. Mtoto wa miaka saba akiomba kuazimwa penseli, apite kwanza kwa mzazi.

Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Agosti, wagombea urais wa chama cha Republican walifanya mdahalo wao wa kwanza pale Milwaukee. Nilikuwa nimerudi kazini, miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Wanane walisimama jukwaani. Trump hakwenda. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akaanza kuhesabu kwa punje, kila jina akisogeza punje moja pembeni ya sinia. Ron ni Ronald. Mike ni Michael. Chris ni Christopher. Tim, Timothy. Doug, Douglas. Asa, jina lake la kwanza William. Nikki, jina lake la kwanza Nimarata. Asa na Nikki ni majina yao ya kati, yamo kwenye vyeti, nisiwaonee. Punje iliyobaki ikawa moja tu, Vivek Ramaswamy, kijana wa wazazi wa Kihindi, ambaye alikuwa akizunguka nchi nzima akiwafundisha watu kwamba jina lake lina vina na neno la Kiingereza la keki. Kati ya wanane, aliyebaki na jina la kwanza alilopewa, bila kulikata wala kuliruka, ni huyo ambaye watu hawawezi kulitamka.

Hata DeSantis mwenyewe jina la ukoo lilikuwa likimpiga chenga. Mwaka huohuo watu waligundua kwamba hulitamka mara hivi mara vile, herufi mbili za mwanzo zikibadilika kulingana na siku. Alipoulizwa, akajibu kwa mzaha kuwa linatamkwa "Mshindi". Hapo nilicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika.

Nikki Haley nilimfikiria zaidi. Alizaliwa Nimarata Nikki Randhawa, South Carolina, na Nikki kwa Kipunjabi ni kitu kidogo, mtoto mdogo. Ni jina la nyumbani kabisa, la mama na shangazi. Mimi nikimsikia namkumbuka Bi Kidude wetu wa Unguja, Fatuma binti Baraka, aliyezeeka na kuzikwa 2013 akiwa bado anaitwa kijitu kidogo, na dunia nzima ikimwita hivyohivyo. Sasa Januari 2024, kura za mchujo zimepamba moto, Trump akaanza kumwita Haley kwa jina lake la kwanza, tena kalivuruga: Nimbra. Kwenye karatasi za serikali Nimarata ndilo jina lake la kwanza. Kinywani mwa mpinzani likawa jiwe, la kuwakumbusha watu kwamba huyu si mwenzenu. Shuleni kwa Bibi jina la cheti ndilo linaitwa la kweli, ndilo la kulindwa. Nikaona kumbe inategemea nani kalishika.

Trump, bila shaka, ni fundi wa kuwabatiza wenzake. DeSantis alimpa jina refu la kumkejeli utakatifu, Haley akamwita mwenye ubongo wa ndege. Hakuomba idhini ya mzazi wao. Na huko Texas mwaka 2018, seneta Ted Cruz alimrushia mpinzani wake, Beto O'Rourke, tangazo la redio lenye wimbo, kwamba mtu huyu ni Robert na kajiita Beto ili awanase wapiga kura. Beto ni kifupi cha Roberto, na kaitwa hivyo tangu utotoni kule El Paso mpakani. Cruz, kwa jina la kisheria, ni Rafael Edward. Hapo sina la kuongeza.

Nisionekane namcheka jirani wakati kwangu paa linavuja. Wanasiasa wetu nao ni watu wa majina. Ali Hassan Mwinyi, rais wetu kuanzia 1985 hadi 1995, aliitwa Mzee Ruksa mpaka anaingia kaburini. Magufuli alikuwa Tingatinga. Bungeni tumekuwa na Sugu, tumekuwa na Profesa Jay, tumekuwa na Lusinde anayejulikana kama Kibajaji. Na mbunge wa kwetu Muheza tangu 2020 ni Hamis Mwinjuma, ila kijijini ukisema Mwinjuma watakuuliza yupi. Sema Mwana FA. Tofauti ninayoiona ni kwamba sisi hatujapata kudai kuwa jina la cheti ndilo mtu mwenyewe. Mohamed ni Mudi, Abdallah ni Dula, Selemani ni Sele, Khadija ni Dija, na mwalimu wa hesabu aliyenichapa darasa la nne alikuwa anajua majina yetu yote mawili, akatumia la nyumbani siku akiwa na furaha. La cheti ulilisikia fimbo ikiwa mkononi.

Na jina la cheti lenyewe, hapa Marekani, limenipa visa. Mimi ni Salehe Mbwana Kombo: langu, la baba, la babu. Huku la mwisho ndilo la ukoo, kwa hiyo kwenye dirisha la duka la dawa wanaita "Bwana Kombo", na Kombo masikioni mwao ni ile seti ya mkate na viazi na soda. Kuna kijana pale kila mara anauliza nataka kombo namba ngapi. Babu yangu, mvuvi, aliyekufa kabla sijazaliwa, hakuwahi kuvuka Pemba, leo anaitwa kwa kipaza sauti Orlando. Nilipoomba uraia, afisa aliniuliza kwa upole, kama swali la kawaida tu lililomo kwenye fomu, kama ningependa kubadili jina. Ningeweza kutoka pale nikiwa Salomon au George Washington. Nikasema hapana, asante. Nilijiona mtu wa msimamo sana siku ile.

Sasa ndipo anapoingia Rajabu.

Rajabu ni mwanangu wa kwanza, mwaka ule alikuwa na miaka 15, darasa la kumi. Jioni moja tunakula, akasema bila kuinua macho kwenye sahani, "Baba, fomu ya Bibi ulijaza. Mimi hukuniuliza." Nikamwambia yeye hana jina la utani. Akasema analo. Marafiki wanamwita Ray, na mwaka jana walimu wote walimwita Ray, ila mwaka huu wamerudi kwenye Rajabu na wanaitamka "Ra-JAB". Jab kwa Kiingereza ni ngumi ya kunyoosha. Kila orodha ikiitwa, wavulana wa nyuma wanapiga hewa ngumi.

Nikawaka. Nilimwambia kazaliwa mwezi wa Rajabu, siku mbili kabla ya Miraji. Nikamwambia hilo ni jina la babu mzaa mama yake, aliyeswalisha watu miaka thelathini. Kwamba watu wanavuka bahari na kupoteza kila kitu, jina ndilo peke yake wanalobaki nalo, na yeye analitupa kwa sababu ya watoto wa nyuma. Hotuba ilikuwa ndefu. Nilitaja mababu. Nadhani nilitaja na utumwa.

Akasikiliza mpaka mwisho, ana adabu. Kisha akasema, taratibu, kwamba darasani kwao yupo mtoto mmoja ambaye fomu yake haitakuja kamwe, kwa sababu nyumbani hawataki. Mwaka jana alikuwa anaitwa jina moja, mwaka huu walimu wanaita lingine, naye ameacha kuitikia. Mwalimu anaita mara mbili, halafu anatazama kiti, anaweka alama ya kuwa yupo. "Sisi wanafunzi tunamwita vilevile kama zamani," akasema. "Fomu haituhusu sisi." Akaomba ruhusa, akainuka, akaosha sahani yake.

Kuhusu mtoto yule sina jibu la kuwapa hapa, na mnaonijua mnajua nilivyolelewa. Ninachojua ni hiki: nilikuwa nikisema kanuni ile ni ya kulinda haki ya mzazi, nikawa natembea na hoja hiyo mfukoni. Kumbe sheria ya jimbo ya 2023 inasema mwalimu hawezi kulazimishwa kumtaja mwanafunzi kwa kiwakilishi cha jinsia nyingine, hata mzazi akitaka. Sisi Waswahili "yeye" ni yeye tu, hatuna shida hiyo, lakini kwa Kiingereza ni jambo zito. Basi neno la mzazi lina nguvu pale linapokubaliana na gavana. Lisipokubaliana, ni maoni.

Usiku ule mke wangu alikuwa akipanga nguo za kazi. Hakusema kitu. Alichukua shati langu la jikoni, akachomoa ile beji nyeupe ya plastiki yenye sumaku nyuma, akaja akaiweka mezani mbele yangu, karibu na kikombe cha chai. Akaigeuza kidogo kwa kidole ili herufi zinielekee.

SAL.

Nimefanya kazi kwenye jiko la hoteli tangu 2011. Wiki ya kwanza msimamizi aliangalia karatasi zangu, akaniuliza kama inafaa kufupisha, na kabla sijajibu beji ilikuwa imeshachapwa. Sikupigana. Sikutaja mababu. Niliipokea nikicheka, nikaibandika kifuani, na kwa miaka 12 nikaitikia jina ambalo wageni wanadhani ni la Mtaliano. Wapo jikoni mle Wahaiti, Wafilipino, watu wa Puerto Rico, na hakuna hata mmoja ambaye beji yake mama yake angeisoma akamtambua. Tukitoka nje kuvuta hewa ndipo tunaitana vizuri. Mimi nilikata langu nipate mshahara, na sikuona kama nimepoteza chochote. Mwanangu alitaka kukata lake apate amani, nikamsomea historia ya dunia.

"Ila ningejuaje," mke wangu akasema, akikaa. "Akiwa Ray, mimi nitakuwa nani? Mama Ray?" Akalijaribu tena mdomoni. "Mama Ray. Kama mwenye saluni."

Tukacheka, lakini hapo aligusa penyewe. Miaka 15 hakuna mtu wa kwetu aliyeniita Salehe. Msikitini, kwenye misiba, kwenye kundi letu la simu la Watanzania wa hapa, mimi ni Baba Rajabu. Jina nililokuwa nikiling'ang'ania mezani, nikipiga ngumi hewani kama wale wavulana, lilikuwa langu. Yeye alikuwa amelibeba tu kwa niaba yangu, siku nzima, darasani, kati ya watu wanaolicheka.

Nilijaza fomu ya pili Jumapili usiku. Pale pa jina nikaandika Ray, mwandiko mbaya kuliko ule wa Bibi. Asubuhi nikamkuta mlangoni na begi, nikampa. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akasema, "Asante, Baba," akaenda kulikimbilia basi. Hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Ijumaa ile mama alipiga simu ya video kutoka Muheza. Kwao ilikuwa usiku, taa ya nyuma inawaka na kuzima, jirani anapiga kelele za mpira. Akaongea kwanza na somo yake, wakaulizana habari za kuku. Kisha akasogeza uso mpaka skrini nzima ikawa jicho moja na pua, akauliza anavyouliza kila wiki tangu mvulana ajifunze kutembea: "Mume wangu yuko wapi? Kanikimbia?"

Ray akatoa vitu vya masikioni, akashuka ngazi mbilimbili. "Nipo, mke wangu," akasema. "Umekula?"